Jinsi Shavu la Binti Mfalme Lilivyotekwa

Wekeni majembe chini, enyi wakulima wa Kulesa, na ninyi wa Ndera shusheni makasia. Nawasimulia jinsi Dorothy binti Kadenge, mwalimu wa chekechea, shujaa wa chaki, mshika brashi ya inchi mbili, alivyoteka ukuta wa darasa lake.

Ukutani hapo alitawala Binti Mfalme aliyenakiliwa kutoka katuni: mweupe kuliko sima, kiuno kama shingo ya chupa, macho mapana kuliko tumbo, nywele za manjano zikifagia sakafu bila kuokota hata kijiti. Dorothy alizijua katuni hizo. Mabinti wa kifalme mia, sura moja! Na yule mweusi mmoja ambaye watunzi wa katuni walijisifu naye mwaka mzima, walimgeuza kasuku kabla hajamaliza wimbo wa kwanza, akabaki na manyoya hadi dakika za mwisho. Ukarimu ulioje!

Tamar, mwanafunzi wake wa miaka sita, alijipaka unga usoni kila mapumziko ili acheze kuwa binti mfalme.

"Nawa, mwanangu."

"Nikinawa sitakuwa yeye, Madam."



Ndipo Mto Tana ulipofurika, ukaingia darasani bila kupiga hodi, ukapanda ukutani. Na uliporudi ulimwacha mtawala yule kahawia hadi kidevuni.

Harrison, mwalimu mkuu, alileta mkebe wa rangi ya waridi ulioandikwa "rangi ya ngozi".

"Mrudishe alivyokuwa, Madam. Jumatatu wazazi wanakuja."

Dorothy aliutazama mkono wake, kisha wa Harrison. "Ngozi ya nani, mwalimu mkuu?"

"Mambo ya chuo kikuu uache hukohuko!"

Hapo shujaa akaunyakua mkebe wa rangi ya kahawia uliobaki milango ilipopakwa, akapanda dawati bovu lililotetemeka chini yake kama farasi wa vita. Akalipiga shavu la kulia, akalipiga la kushoto. Pua ikaanguka bila kujitetea. Kwa rangi nyeusi ya ubao akamsuka mistari minane.

"Umeharibu!" Harrison alinguruma. "Binti mfalme wa rangi ya tope umemwona wapi?"

"Mwalimu mkuu, mto ukikuachia tope hili shambani, unamshukuru Mungu na kupanda mpunga. Likifika shavuni kwa binti ndio uchafu?"

Harrison aliangalia chini. Viatu vyake vilikuwa bado na tope la shamba lake. Akajitia kukagua dirisha.

"Basi mtie hereni," alisema mwishowe.

Tamar, uso mweupe kwa unga, alimkagua binti mfalme mpya.

"Madam, hana pengo."

Dorothy akamtia doa jeusi kwenye meno ya mbele. Tamar akapitisha ulimi kwenye pengo lake mwenyewe, akaenda kwenye beseni, akanawa.

Andikeni, enyi watunza nyakati: siku hiyo, kabla ya uji wa saa nne, himaya ya waridi ilianguka. Mizinga haikulia, yalisikika maji ya beseni tu, na unga ukizama.