Vita vya Neno la Siri katika Nyumba ya Pampu

Enyi mnaofungua bomba asubuhi mkaoga bila kujiuliza maji yametoka wapi, zimeni redio, vuteni viti, mpate kusikia jinsi mji wetu ulivyookolewa kwa kidole kimoja. Nami nisimuliaye, mengi niliyaona kwa macho yangu. Mimi ndiye fundi wa mabomba, niliyeshuka mtaroni kwa magoti kila lilipopasuka bomba la sokoni, na hasira yangu haijapoa hata leo.

Alikuwako katika nyumba ya pampu shujaa mmoja, Msimamizi wa Pampu, mpole wa maneno, mwenye shati lililochomekwa, bwana wa kompyuta ile iongozayo maji ya mji mzima. Kiti chake alikirithi kwa baba mkwe wake, mzee wa sauti nzito aliyemfundisha kazi, kisha akampa na binti. Mzee alipostaafu aliagwa kwa keki na saa ya ukutani. Akarudisha funguo, akarudisha kofia ngumu, akarudisha hata kijiko cha chai cha ofisi. Neno la siri la kompyuta ndilo ambalo hakuna aliyekumbuka kulibadilisha. Lilikuwa "maji" tangu mtambo ulipowekwa, na likabaki "maji".

Basi likazuka jini. Kila alasiri, shujaa akiwa ameketi mikono mapajani, presha ilipanda yenyewe kwenye skrini, wala hapakuwa na aliyeigusa. Bomba la sokoni likapasuka, wauza nguo wakatimua mbio na marobota kichwani, nami nikaitwa na sepetu langu. Nikaziba, likapasuka tena. Ndipo meneja akasimama mlangoni akanena maneno machungu.

"Majini mimi siyajui. Ninayemjua ni anayekalia kiti hiki, naye ni wewe. Likipasuka tena, utaniachia funguo mezani."

Shujaa akarudi nyumbani, chakula kikamshinda. Alikuwa na mke na watoto, na kazi nyingine hakuijua.

Jumapili, kama alivyonieleza mwenyewe, wakaenda kuwasalimia wakwe. Wakamkuta mzee bustanini, ameshika mpira wa kumwagilia, akiyatazama maua yake kwa huzuni, maana maji yalikuwa yakidondoka kwa uvivu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu. Ngoja kidogo, haya maji yamelala."

Akachomoa simu, akavaa miwani, akaandika kwa kidole kimoja neno fupi mno, akasukuma kitu juu kwenye kioo. Mara mpira ukatutumka, ukamponyoka, ukamlowesha mama mkwe pamoja na nguo alizokuwa akianika.

"Hii simu ni nzuri sana," akasema mzee, ameridhika. "Naiamuru pampu nikiwa hapa hapa. Ni kama sijaacha kazi."

Ee ulimi wangu, nisaidie kuyaeleza mateso ya mkwe. Utamwambiaje mtu uliyekwenda kwake kwa unyenyekevu kuomba binti kwamba yeye ndiye mvamizi wa mtandao? Shujaa alikunywa chai, akaaga. Siku hiyo bomba lilivuja tu kidogo. Nikalifunga kwa kipande cha mpira, na meneja sikumwambia, kwa kuwa nilimhurumia kijana wa watu.

Jumatatu akajiandaa kwa vita. Akapangusa kibodi kwa mkono wa shati, akasogeza kikombe mbali, akaninong'oneza, "Fundi, uwe shahidi." Akafuta "maji", akaandika jina la mke wake, akabonyeza. Skrini ikakiri kwamba neno limebadilishwa, nasi tukapeana mikono.

Chai haijapoa, presha ikapanda. Mzee alipoona amefungiwa mlango, alijaribu kwanza jina la bintiye. Angelikosaje, naye ndiye aliyempa?

Shujaa akairukia kompyuta akaishusha presha, bomba likaponea chupuchupu. Akawaza tarehe ya harusi, lakini mzee ndiye aliyeipanga. Akawaza kifungua mimba wake, lakini alikuwa na jina la huyo huyo mzee. Jasho likamtoka. Akampigia mkewe.

"Mke wangu, nitajie kitu ambacho baba yako hakijui kabisa. Hima, kazi yangu inaondoka."

Mkewe akafikiri, kisha akaanza kucheka. "Hajui kama anakoroma. Wala hajui wajukuu wanamwitaje wakiwa peke yao."

"Wanamwitaje?"

"Babu Trekta."

Shujaa akafumba macho, akamwomba Mungu msamaha, akaandika kwa kidole kimoja, herufi baada ya herufi. Presha ikatulia. Ikabaki imetulia.

Haukupita muda mzee akatokea mlangoni, kofia mkononi, simu mkononi.

"Mwanangu, nimejaribu jina la mke wako, tarehe ya harusi, hata jina langu. Limegoma. Hebu nitajie."

Shujaa akasimama wima, mikono nyuma.

"Baba, niombe figo, nitakupa. Lakini neno hilo, mdomo wangu hauwezi kulitamka mbele yako, leo wala kesho. Na presha ikipanda tena, mimi nitafukuzwa kazi."

Mzee akaitazama simu yake. Mara akaelewa yote, uso ukamwiva kwa aibu. "Kumbe ni mimi," akasema. "Na neno lile nilikuwa nampa kila aliyeniuliza. Wewe hata mimi umeninyima. Kazi imepata mwenyewe."

Basi na iandikwe katika tarehe za mji huu kwamba siku hiyo sokoni hakulowa mtu, meneja alipita akaikuta presha mahali pake, na funguo zikabaki kiunoni mwa mwenyewe. Maua ya mzee nikaahidi kuyapelekea maji kwa ndoo, mimi mwenyewe, bora nisirudi mtaroni.

Naye mzee, moyo ukiwa mweupe, akaomba akae kidogo kwenye kiti cha wageni, asikie pampu yake kwa karibu. Akajiegemeza, akafumba macho. Kitambo kidogo neno la siri likaanza kutangazwa mle ndani kwa sauti iliyoizidi pampu, nasi wawili tukageukia ukutani, tumeuma midomo.