Presha ya Baba Mpya

Jumatatu, 4 Machi
Nimekuwa baba! Binti, na sauti kachukua kwa mama mkwe. Muuguzi alisema baba akimlaza mtoto kwenye kifua kitupu, moyo hutulia na presha hushuka. Nikiwa bado nahangaika na vifungo, Shemeji, kaka wa mke wangu, akawa ameshavua shati. Mtoto akalala fofofo. Shemeji akatamba kwamba wengine tumenyimwa joto. Mwanangu, kwenye kifua cha mjomba! Roho iliniuma.

Jumanne, 5 Machi
Nimenyoa kifua chote. Nimeazima mashine ya presha kwa jirani muuza dawa, Shemeji aone ushahidi. Nikaifunga mkononi, nikamlaza binti kifuani. Akanusanusa. Akatafuta. Akapata, akanyonya! Nikapiga yowe, naye akapiga lake. Mama mkwe alitoka jikoni mbio, akampokonya, akaniuliza kama nilitegemea maziwa yatoke. Amri: nisimshike mtoto mpaka nipate akili. Hakutaja tarehe.

Jumatano, 6 Machi
Kifua kinawasha ajabu. Dukani nimejikuna mbele ya wateja mpaka bosi akanifukuzia stoo. Anameza vidonge vya presha, huyo, na bado anafoka.

Alhamisi, 7 Machi
Mama mkwe kaenda sokoni. Mke wangu, hoi kwa uchovu, akanipa mtoto, akasema nitulie tu, nisijaribu kitu. Nikatulia. Binti akanishika kidole. Mwili ukanisisimka, machozi yakanitoka bila ruhusa yangu. Shemeji hata sikumkumbuka. Nampenda mno huyu mtoto! Mama mkwe aliporudi alitukuta tumesinzia wote, akatufunika shuka. Marufuku imeondolewa.

Ijumaa, 8 Machi
Nikawaza: mtoto huyu ni dawa, na cheo cha msimamizi wa stoo kiko wazi. Nikamleta bosi nyumbani. Mke wangu nilimwambia anakuja kutupongeza. Bosi akakaa na tai yake, mashine mkononi, binti mapajani. Binti akaitapikia tai, kisha akalowesha suruali. Presha ikapanda hadi mashine ikagoma. Mke wangu akaniambia kwa upole, na upole huo ndio ulionitisha, kwamba mwanawe si kidonge. Mlango wa chumba umefungwa komeo. Binti analia ndani, nami siruhusiwi kuingia.

Jumamosi, 9 Machi
Nimeomba radhi mlangoni asubuhi nzima. Nimeapa sitarudia, na niliapa kwa moyo wote. Wamenipa mtoto. Machozi tena! Nikiwa nayafuta, nikagundua kosa: bosi hakuvua shati. Nimempigia simu, amekata. Basi, Jumatatu namleta mhasibu wa dukani.