Jina la Juu kwenye Faili

Siku ofisi ya wachora ramani za majengo ilipohamishia kazi zake zote kwenye hifadhi moja ya pamoja ya kompyuta, wafanyakazi waliona usumbufu. Mmoja wao, ambaye waliishia kumwita Mtanashati kwa kukosa sifa nyingine ya kumpa, aliona ulaji. Kila faili likihifadhiwa upya lilikuwa toleo jipya, na jina la aliyehifadhi mwisho ndilo lililokaa juu. Matoleo ya nyuma yalibaki chini yake, lakini nani ana muda wa kuchungulia huko?

Basi akawa anasubiri. Wenzake walichora hadi migongo ikawauma, yeye anakunywa chai. Wakimaliza, anafungua faili, anatia nukta pembezoni, anahifadhi. Kazi ikawa yake.

"Dada, nimekuwekea mguso wa mwisho," alimwambia mchoraji mmoja.

"Mguso gani? Mbona sioni kitu?"

"Ndiyo ustadi wenyewe huo. Ukionekana, umeharibika."

Haya hakuwa nayo, na mimi sitamwazima yangu.

Alichokimezea mate ni kiti cha msanifu mkuu, kilichokuwa wazi baada ya mwenyewe kustaafu. Asubuhi moja Bosi akamwita ofisini kwake. Kwenye kochi alikuwa ameketi mteja, amenuna. Skrini ilionyesha ramani ya nyumba ya ghorofa, ambayo Bosi aliichora mwenyewe, na juu yake jina la Mtanashati.

"Mdogo wangu," Bosi akasema kwa upole usio wake, "kiti ni chako. Ila mbele ya mzee huyu nataka ukweli. Ramani hii ni yako yote, au uligusa kidogo tu?"

Kichwa kikamvimba. "Yangu yote, bosi. Mstari wa kwanza hadi wa mwisho."

"Umesikia, mzee?"

"Nimesikia." Mteja akainuka taratibu. "Nilikuwa nakutafuta, kijana. Nyumba imekwisha, fundi kajenga ulichochora. Hebu nionyeshe ngazi ya kupandia juu iko wapi."

Mtanashati akainamia skrini. Juu kulikuwa na vyumba vinne, roshani, hata mahali pa maua. Ngazi haikuwepo.

"Bosi, mimi niliweka nukta tu."

"Nukta?" Bosi akashika kipanya. "Basi tufungue matoleo ya nyuma, tuone nani alichora nini. Ya kazi zako zote. Tuanze na ile ya shule iliyokupa sifa?"

Kumwumbua Bosi kungemwumbua yeye kwanza, na Bosi alikuwa amelijua hilo siku nyingi. Ndiyo maana alimwacha aweke jina lake juu ya kila faili.

"Acha, bosi," akasema chinichini. "Ngazi niliisahau mimi."

"Mkweli huyu," Bosi akamwambia mteja. "Mchukue, akarekebishe."

"Afadhali," mteja akasema, mkono wa Mtanashati tayari kaukamata. "Mama mkwe wangu alipandishwa kwa ngazi ya mafundi akaangalie vyumba. Mafundi wameondoka nayo. Yuko huko juu, na anauliza jina la aliyechora."