Kiti cha Mwisho na Kibana-Sauti

Jumatatu, 13 Januari

Ukungu mzito. Muuza maziwa amegonga mlango wa jirani akidhani ni wetu. Tumekunywa chai ya rangi. Habari njema hata hivyo: mzee Sibtain amehama Rampur, amekwenda Aligarh kwa bintiye. Namwombea afya. Kiti cha mwisho ki wazi!

Kwetu, anayesoma wa kwanza katika baraza la washairi ni mtoto. Anayesoma wa mwisho ndiye bwana wa baraza. Nimeipanda ngazi hiyo miaka arobaini, mtu mmoja mmoja, kila anapokufa mtu au kuhama. Sasa tumebaki wawili, mimi na Wajahat. Wajahat alikuwa mnadi wa soko la nafaka. Mashairi yake ni magunia. Lakini sauti! Huamsha mbwa ng'ambo ya mto Kosi.

Katibu wetu, Tasadduq, amepiga simu. Ukumbi una baridi, wazee wanakohoa. Kwa hiyo kila mmoja wetu arekodi kwa video ghazali moja, shairi la mapenzi, na kuituma kabla ya Jumapili. Wazee saba watapiga kura wakiwa chini ya mablanketi yao.

Nimejaribu kwenye kompyuta ya mkwe wangu Zeba, mke wa mwanangu Faraz. Mwanzo wa ubeti hausikiki. Mwisho wake unapasua masikio. Mke wangu, Qamar Jahan, amesema nasoma kama mbu aliyefunga, kisha kama mbu aliyefuturu.

Jumanne, 14 Januari

Zeba huwafundisha watoto hesabu kwa kompyuta, kwa hiyo anajua. Amesema dawa ipo: ndani ya programu ya kurekodi mna kibana-sauti. Hufanya kazi papo hapo, wakati mtu anaporekodi. Sauti ikizidi alama, huikandamiza. Kisha huinua yote kwa pamoja, hata mnong'ono nao uonekane mtu. Kama kusukuma chapati, alisema: uvimbe unashuka, kingo zinapanuka.

Akaongeza mambo mawili. Kwanza, kilichobanwa wakati wa kurekodi kimebanwa daima. Yai likishaiva halirudi ubichi. Pili, kidude hicho hakimjui mwenye nyumba. Humfuata mwenye kelele kubwa kuliko wote. Kikimshusha yeye, huwashusha na wengine pamoja naye. Nilimwambia nimeelewa. Kusema kweli nilikuwa nautazama uso wangu kwenye kioo cha kompyuta. Ndevu zinapendeza zaidi upande wa kushoto.

Ameweka kipimo tatu. Nikasoma. Nimesikika kama mtu mwenye kifua! Nimejisikiliza mara sita.

Alhamisi, 16 Januari

Balaa! Shemeji yangu Ishtiaq, ambaye hupitia kila nyumba yenye chai ya bure, ameniletea siri. Wajahat amerekodi pamoja na watu wanane wa kumsifu! Kila mstari, "Vah vah!" Kila kina, "Irudiwe!" Nami nilikuwa karibu kwenda peke yangu kama mkiwa. Ghazali bila vah vah ni harusi bila bwana harusi.

Mpango: nitafute wangu. Ishtiaq amekubali kuja na marafiki wawili, wote wenye mapafu, kwa sharti la halua ya karoti. Qamar ameuliza ni nani atakayekwaruza kilo tatu za karoti. Nimesema sanaa ina gharama. Amesema basi gharama ishike kikwaruzio. Nimekwaruza. Kidole kimoja kimefungwa kitambaa.

Zeba amenishauri niwaketishe wageni mlangoni, mbali na kipaza sauti. Mlangoni! Tangu lini katika ukoo wetu mgeni akaketishwa penye viatu? Wataketi mbele, kwenye mito, nacho kipaza sauti kitakuwa katikati yao kama sahani ya tambuu.

Tena, Zeba alipomaliza kufundisha na kuiacha kompyuta, nimekisogeza kipimo kutoka tatu hadi ishirini. Ikiwa kijiko kimoja cha dawa kinaponya, chupa nzima je?

Ijumaa, 17 Januari

Tumerekodi baada ya sala. Sijawahi kusifiwa hivyo maishani! Sikumaliza mstari wa kwanza, Ishtiaq akapaa kutoka kwenye mto wake. Rafiki yake mnene alijipiga paja hadi bakuli la karanga likaruka. Yule mwembamba alifuta machozi, ingawa baadaye alidai ni mafua. Kila baada ya ubeti niliinamisha macho kwa unyenyekevu, nikahesabu hadi kumi. Kimya kikatanda. Kimya kizuri.

Zeba aliniomba tuisikilize kwanza. Nilimwambia mpishi hodari haonji. Nimeituma kwa wazee wote saba kabla sijavua kofia.

Jumamosi, 18 Januari

Nimeisikiliza. Najuta kuwa na masikio.

Nafungua kinywa. Neno la kwanza zuri, zito, kifua tele. La pili: "VAH VAH!" Nami natumbukia kisimani. Midomo inacheza, sauti hakuna. Napanda polepole, polepole, nafika ukingoni: "IRUDIWE!" Chini tena. Beti saba, na hakuna kina hata kimoja kilichotoka hai.

Afadhali mambo yangeishia hapo. Kila nilipoinamisha macho, kidude kilikosa kelele ya kubana, kikainua kila kilichomo nyumbani. Maganda ya karanga yanalia kama risasi. Ishtiaq anamnong'oneza yule mnene, "Ubeti umekwisha, au anapumua?" Naye, "Wewe sifu tu. Halua imeiva, naisikia harufu." Na kutoka jikoni, wazi kama adhana, Qamar anamtuliza jirani aliyeshtushwa na makelele: "Usiogope, shoga. Tangu mwaka tisini na nane huyu anakufa kwa mapenzi, na kila saa moja jioni anauliza chakula kiko wapi."

Nimemsihi Zeba akitoe kibana-sauti ndani ya video. Amesema haiwezekani; kimebana wakati uleule, na nakala nyingine hakuna. "Si nilikwambia, Baba?" Katika nyumba hii sentensi hiyo ina wenyewe wawili, nao huisema kwa zamu.

Wajahat amepiga simu kunipa pole. "Ustadhi, karanga zako zimefika salama. Beti zako je, bado ziko njiani?" Nimemjibu kwamba mtandao umeingia ukungu. Nimekata simu kwa heshima.

Jumatatu, 20 Januari

Tasadduq ametangaza matokeo. Kura saba.

Wajahat amepata mbili. Wazee hao wawili ni viziwi. Katika mji mzima humsikia yeye tu. Mimi nimepata moja! Nilifurahi, mpaka Tasadduq aliposema kwamba mwenye kura hiyo alikuwa akitafuta miwani yake na kidole kikagusa jina langu.

Nne zilizobaki zimeandikwa: yule bibi wa jikoni.

Wazee wamesema hawajasikia mistari miwili mizito namna ile tangu baridi ianze. Wa kwanza unaua, wa pili unauliza chakula. Mmoja ameirudia video mara tisa, naye kila mara akapiga "Vah vah!" peke yake kitandani hadi mkewe akamwita daktari. Kiti cha mwisho amepewa Qamar Jahan! Mimi nitasoma kabla yake, kama mpiga tarumbeta anayemtangulia bibi harusi.

Nilitaraji angekataa kwa haya. Amefuta mikono kwa upande wa dupatta, mtandio wake, akauliza: "Baba Faraz, mto wa kuegemea wataniwekea wao, au niende na wangu?"

Ishtiaq amempigia makofi dada yake. Halua yangu bado iko tumboni mwake, msaliti huyu.

Jumanne, 21 Januari

Nimetafakari kwa utulivu. Kosa nimeliona. Si kidude, wala si wageni. Kosa ni kwamba mashairi ya nyumba hii husemwa jikoni, nami nilikuwa narekodi sebuleni.

Baraza litakaa tarehe mbili Februari. Nina siku kumi na mbili. Nitayakusanya maneno yake yote, niyatie vina na mizani, niyasome mimi kwanza. Zamu yake itakapofika hatakuwa na la kusema, na kiti kitajua mwenyewe ni nani! Si wizi. Mke na mume hutumia sahani moja.

Asubuhi hii, alipotoka kununua vitunguu, nimeificha kompyuta ya Zeba nyuma ya pipa la unga na kuanza kurekodi. Video itaonyesha pipa tu, haidhuru. Kibana-sauti nimekisogeza hadi mwisho kabisa wa mstari, usipotee hata mnong'ono mmoja. Kipaza sauti nimekifunga kwa uzi kwenye mpini wa sufuria ya mvuke, ile ipigayo mbinja, kwa kuwa hapo ndipo anaposimama akizungumza. Leo anapika dengu, kisha maharage, kisha miguu ya mbuzi.

Amerudi. Naandika haya sebuleni, nimetulia, kalamu mkononi. Tayari sufuria imepiga mbinja ya kwanza, ndefu, ya kuziba masikio. Vizuri sana! Maana yake ameanza kazi.