Kifungu cha Saba cha Maziwa

Na ijulikane kwa wakubwa na wadogo kwamba mwaka 1981, kijiji kimoja juu ya Karatu, pale msitu unapoanza, kiliunda Kamati ya Kukagua Maziwa. Ng'ombe wa maziwa hakikuwa naye hata mmoja, jambo lililoiepusha Kamati na upendeleo.

Katibu alikuwa Bibi Domitila: darasa la nne, mwandiko mzuri, na akili ya kutosha kujua kwamba mwandiko unatosha.

Namelok, mama wa Kimasai kutoka upande wa Ngorongoro, alikubali kuleta vibuyu vitano kila asubuhi kwa watoto wagonjwa wa zahanati. Mkataba Domitila aliuandika nyuma ya kalenda ya zamani, maana karatasi ziliadimika kuliko sukari. Kifungu cha Saba ndicho kilichomvimbisha kichwa. Mwenyekiti Nikodemu alitaka Kamati iwe na haki ya kukagua. Domitila akaona "Kamati" ni neno fupi mno. Akaandika "pande zote mbili", mstari ukajaa vizuri. Namelok hakujua kusoma, kwa hiyo akasomewa mara tatu, mbili za mwisho kwa raha ya msomaji tu. Akaweka dole gumba, akaondoka na punda wake.

Ukaguzi ukaanza. Macho hudanganya, Mwenyekiti alifafanua, kwa hiyo wajumbe saba wakakagua kwa vikombe. Domitila, kwa unyenyekevu wa cheo chake, alikagua masalio tu. Siku za baridi alirudia, na kule juu baridi haikosi.

Mwezi haujaisha, nesi Elizabeti akaja kulalamika: zahanati inapokea vibuyu vitatu, na watoto wameanza tena kuvimba miguu. Kamati ikashtuka, ikakaa, ikanywa, ikaamua: Namelok anapunja, mkataba uvunjwe.

Namelok akaitwa. Akasikiliza yote amesimama, kibuyu begani.

"Mama Katibu," akasema, "nisomee ile ya saba."

Domitila akasafisha koo. "Pande zote mbili zitakuwa na haki ya kukagua, wakati wowote, bila taarifa, kila chombo kilichopitiwa na maziwa hayo, cha kwanza hadi cha mwisho. Atakayekutwa na upungufu atayafuata maziwa kwa miguu yake hadi yaliko."

"Cha kwanza ni kibuyu changu, mmekikagua. Mimi nakagua cha mwisho. Mwenyekiti, pumua."

"Namelok, hii ni ofisi."

"Ndiyo, Mzee. Pumua."

Vibuyu vya Kimasai husafishwa kwa kijinga cha moto cha mzeituni pori, maziwa yakabeba harufu yake, na kila mama huujua moshi wake kama anavyomjua mwanawe. Namelok akanusa midomo saba bila haraka. Kisha akasimama mbele ya Katibu.

"Na wewe, mama."

Domitila alikuwa ameibana pumzi tangu mdomo wa tatu. Akaiachia. Halafu, kazi ni kazi, akaandika taarifa kwa mwandiko ule ule mzuri: upungufu umeonekana, vyombo vinane, cha nane ndicho kirefu kwa kina.

Kesho yake watu walimwona Mwenyekiti Nikodemu akitoka msituni nyuma ya punda, kibuyu begani, vumbi hadi kwenye nyusi, Katibu wake akichechemea nyuma. Pale zahanati akafungua mdomo aanze hotuba.

"Subiri, Mzee," Elizabeti akamwambia. "Hayajakaguliwa."

Watoto kumi na mmoja walikuwa wameshapanga foleni, kila mmoja na kikombe chake. Wakakagua hadi vibuyu vikabaki vitupu.