Soksi ya Ukili

Jumatatu, 4 Agosti
Nimepata wazo! Shoki ya mbele ya tuktuk ya Husni, kaka wa mke wangu, ilikuwa inavuja mafuta tena. Mchanga wa Kililana huo. Unakwaruza chuma, sili inayozuia mafuta inakatika. Jabez, fundi aliyetoka bara, kamwekea sili mpya, kisha kamshawishi anunue kifuniko cha mpira cha kuivalisha shoki. Nikamwambia Husni asubiri. Mpira wa nini, na mama mkwe yuko Kipungani anasuka ukili wa mikeka kutwa? Nitaishonea shoki soksi. Baadaye bodaboda zote za Lamu. Jabez atafunga duka!

Jumatano, 6 Agosti
Nimevuka hadi Kipungani. Bi Barka, mama mkwe, kanitazama kama mtu mwenye homa. "Mwanangu, mkeka ni wa kukalia. Hauzuii mtanga huu." Nikamweleza habari za maendeleo. Akanipa ukili, akaingia ndani. Hata chai hakunipa.

Nimerudi nikakuta mkeka wa sebuleni umejaa mchanga. Nimemgombeza Swafiya kwa kutoukung'uta. Mke gani huyu!

Alhamisi, 7 Agosti
Imevaa! Nimeishona papo hapo kwenye shoki kwa nailoni ya kuvulia samaki, mshono wa kubana juu na chini. Haitoki ila kwa kisu. Makusudi, Jabez asije akaifungua akaiba ufundi. Husni kauliza ataisafisha vipi ndani. Nimemjibu kwamba kilichofungwa hakichafuki.

Jumamosi, 9 Agosti
Jabez kaja stendi. Kaiminya soksi kwa vidole. "Bwana Ammar, hii kitu inashika mchanga ndani. Ikate leo." Wivu mtupu! Husni akatoa kisu. Nimemwambia akiikata asiniite shemeji tena maisha yake yote. Akatazama chini, akarudisha kisu mfukoni. Mtu mpole sana, Husni. Tuktuk hiyo moja inalisha nyumba yake na yangu, na hajanisimanga hata siku moja.

Jumatatu, 11 Agosti
Husni analalamika eti mbele kunagonga. Nimekagua. Ukili umelowa mafuta. Vizuri! Chuma kinajilainisha chenyewe. Nimeongeza mshono.

Jumanne, 12 Agosti
Inna lillahi. Shoki ilikwama. Gurudumu la mbele likaingia shimoni, tuktuk ikapinduka, ikamlalia Husni mguuni. Mfupa ulitoka nje. Kelele zake nilizisikia nikiwa stendi, na bado nazisikia. Alhamdulillahi hakuwa na abiria. Tumemvusha kwa boti hadi hospitali ya Amu, mjini Lamu. Njia nzima akiomba maji, nami nalia tu, nimesahau kwamba chupa ninayo mkononi.

Jabez aliikata soksi. Mchanga ukamwagika, mweusi kwa mafuta, wa kujaza kiganja. Swafiya ananilaumu mimi. Lakini jicho la hasidi lipo! Nani aliyeiminya kwa vidole siku ile?

Jumapili, 24 Agosti
Husni karudi, amelazwa sebuleni kwetu. Kakonda. Tuktuk imekuwa chuma chakavu na chungu hakipandi jikoni kila siku. Mguu una plasta, na kwenye plasta wameacha dirisha ili kidonda kipate hewa. Daktari kamwonya Swafiya mbele yangu: kisifunikwe hata kidogo. Kikioza, mguu unakatwa.

Baada ya adhuhuri Husni kanishika mkono. Kasema hana kinyongo nami, yaliyotokea ni kadari. Nimelia mpaka kanzu imelowa. Mtu kama huyu unamlipa nini? Lazima nimfanyie jambo.

Nimekaa nikilitazama lile dirisha. Kusi inavuma, mchanga unaingia mpaka kwenye sufuria, na kidonda cha watu kiko wazi! Madaktari wa Amu wataijulia wapi Kililana? Sasa Husni amelala kwa dawa. Swafiya kaenda kisimani. Nimeupima mguu kwa kamba, taratibu, asiamke. Kipande cha ukili kilichobaki kinatosha. Nailoni ipo. Nitashona kwa kubana, juu na chini, isipite hata punje.