Ulm kwa Barabara, Bila Minyororo

Jumatatu, 20 Januari
Barua kutoka Ulm. Kaandika binti wa yule mwokaji mikate. Nyumba inabomolewa! Wanaanza Jumatatu ijayo asubuhi. Nyumba yetu ile, chumba kimoja juu ya duka la mikate, mimi na Immacolata, miaka tisa. Loredana kazaliwa humo. Tanuri lilikuwa chini yetu, sakafu ya moto mwaka mzima. Ujerumani nzima inatetemeka, sisi tunatembea pekupeku.

Immacolata kaisoma barua mara mbili, kavua miwani. Kasema anataka kuiona kabla haijaanguka. Mke wangu huyu haombi kitu. Nikasema tutakwenda. Kwa gari!

Jioni Loredana kapiga simu. Keshatafuta treni: tuondoke Ijumaa, Jumamosi tuko Ulm. Baba, milima imejaa theluji, baba, una miaka themanini na moja. Nikamwambia theluji naijua tangu yeye hana jino hata moja. Nimevuka mlima wa Brennero mara kumi na nane, tena kwa kigari kidogo kama kabati la viatu. Treni ni ya watu wasiojua njia.

Jumanne, 21 Januari
Kaja shemeji Cosimo, kaka yake Immacolata. Hajawahi kupita Napoli, lakini ushauri anao wa dunia nzima. Kanipigia matairi teke. Kauliza haya ni ya theluji? Nikamwambia ni ya kiangazi, lakini yana akili. Basi katoa minyororo yake ya kufunga matairi yasiteleze thelujini, iko ndani ya sanduku kama kinanda. "Chukua, shemeji, usije ukanizikia dada barafuni." Mbele ya majirani! Nikaichukua ili aondoke.

Jumatano, 22 Januari
Kupakia. Nguruwe tumemchinja juzi Jumamosi, na hakuna mtu wa kwetu Kalabria, kusini mwa Italia, anayeingia Ulm mikono mitupu. Soseji za pilipili, mapaja mawili ya kukausha, madebe mawili ya mafuta ya zeituni, tini kavu. Buti ikajaa. Sanduku la Cosimo halikuingia. Nikageuza, nikasukuma kwa goti. Wapi! Ama soseji ama minyororo.

Nikafikiri kama mtu mwenye uzoefu. Mwaka sabini na moja niliweka magunia mawili ya viazi kiti cha nyuma, tukapanda Brennero kama mbuzi, huku wenye magari makubwa wakisukumana mtaroni. Siri ni uzito nyuma! Minyororo nimeificha nyuma ya pipa la divai.

Immacolata kauliza kama minyororo imo. Nikajibu kila kinachohitajika kimo. Sikudanganya.

Ijumaa, 24 Januari
Tumeondoka alfajiri. Jua! Kufika Salerno nimeshusha kioo. Theluji iko wapi, Cosimo?

Immacolata kaanza kukumbuka. Harufu ya mkate ikipanda saa tisa usiku. Nepi za Loredana tulizokuwa tunatandika sakafuni, zikikauka kabla hujamaliza kahawa. Na mimi nikirudi kutoka kiwandani, nywele zikitoa mvuke kwa joto lile, maana nywele nilikuwa nazo. Kacheka peke yake hadi Roma. Muda mrefu sijamsikia akicheka hivyo. Tumelala karibu na Firenze.

Jumamosi, 25 Januari
Nimetoka barabara kuu kidogo tu. Nilitaka kumwonyesha ile nyumba ya chakula tuliyokuwa tunasimama, ya supu ya maharage, mama mwenye nyumba akimbeba Loredana ili sisi tule. Nimeitafuta kwa muda wa saa tano. Sasa wanauza magodoro. Immacolata kasema, "Saverio, mimi sikuja kutafuta maharage." Halafu kahesabu kitu kwenye vidole. Jua likazama. Tumelala Verona.

Jumapili, 26 Januari
Theluji. Imeanza pale Vipiteno, chini ya mlima, kidogo kidogo, kama kunifanyia heshima. Halafu ikaja yote.

Kwenye mpando gari likakataa. Magurudumu ya mbele yanazunguka bure, pua ya gari imeinuka juu kama ya mtu anayenusa. Nikakanyaga mafuta. Tukateleza kinyumenyume, taratibu, hadi kwenye lundo la theluji. Immacolata kashika rozari kwa mikono miwili.

Akaja bwana mwenye mtambo wa kufagia theluji, Mtiroli, mtu wa milima hiyo, mnene mwenye ndevu. Kafungua buti, kaangalia, kaniuliza mzee, injini iko wapi? Mbele. Inazungusha magurudumu gani? Ya mbele. Na nguruwe umemweka wapi? Nyuma. Kile kigari changu cha zamani kilikuwa na injini nyuma. Nani aliniambia wameihamisha? Gari hili ninalo miaka kumi na moja tu!

Kasema basi lete minyororo. Immacolata mwenyewe kashuka kuitafuta. Kaondoa soseji, kaondoa madebe, kaondoa tini. Kaona chuma kitupu cha buti. Karudisha soseji moja moja, kafunga buti. Afadhali angenitukana.

Tumevutwa hadi kijiji cha Brennero, tumelala hapo. Bampa limeng'oka.

Jumatatu, 27 Januari
Asubuhi kavaa koti, kachukua mkoba na paja moja la nguruwe, kaenda stesheni. Nikasema nakuja. Kasema, "Wewe kaa na soseji zako." Kapanda treni. Hakugeuka.

Nimeshinda gereji. Fundi kauliza mara mbili kwa nini naangalia saa. Wajerumani huanza kazi saa moja kamili. Najua, nilifanya nao kazi.

Jumanne, 28 Januari
Karudi!

Kafika Ulm jana adhuhuri. Ukuta wa mbele walikuwa wameshautoa. Kasimama barabarani na paja lake kifuani, akaona chumba chetu chote, kiko wazi kama droo, theluji inaingia ndani. Kasema ile karatasi ya ukutani niliyoibandika mimi, ya majani ya kijani, bado ilikuwapo chini ya rangi ya wengine, imechomoza. Na alama ya kichwa cha kitanda chetu.

Nikatoka nje kupima maji ya gari. Nilikaa huko kitambo.

Halafu nikafikiri. Kwa treni ya Loredana tungefika Jumamosi. Tungekuta ukuta umefungwa, mapazia ya watu wengine, basi. Majani yangu tusingeyaona! Gari langu ndilo lililomfikisha saa inayofaa. Nimemweleza haya yote. Kanishika paji la uso, kaniuliza kwa upole kama nina homa.

Fundi anataka kunifunga matairi ya theluji. Nimekataa, theluji ni maji tu. Kesho narudi kwa njia ya zamani, ile ya juu, yenye kona.

Immacolata kasema niendeshe salama, yeye tiketi ya treni ya kurudi nyumbani anayo. Namhurumia. Atakosa mandhari yote.